Potosí: maswali yenu kuhusu mlima wa fedha

Potosí iko wapi, na ni juu kiasi gani?
Ni mji wa Bolivia, Amerika Kusini, chini ya mlima wenye madini ya fedha, zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Mpanda Kilimanjaro anayelala Horombo, mita 3,720, bado yuko chini ya soko la Potosí.

Ni Mhispania gani aliyegundua fedha ile?
Swali hili linarudi kila mara, na kila mara linaanza na Mhispania. Anayetajwa ni Diego Huallpa, mwenyeji wa milima ya Andes, mwaka 1545. Wenyeji walikuwa wakichimba fedha Porco, jirani na hapo, kabla Wahispania hawajafika. Hata miaka ya mwanzo ya Potosí, wao ndio walioiyeyusha, kwa vitanuru vya udongo vilivyopangwa mitelemkoni ili upepo upulize moto.

Nasikia wachimbaji walikuwa wakilipwa. Mbona mnaita utumwa?
Walilipwa ujira usiotosha chakula, na hawakuwa na hiari. Miaka ya 1570 Francisco de Toledo, makamu wa mfalme wa Hispania huko Peru, alipanga zamu ya lazima iliyoitwa mita: wanaume wapatao 13,500 kila mwaka, wakitolewa vijijini, wengine wakitembea majuma kadhaa na wake zao, watoto na llama wao, wanyama wa mizigo wa huko. Ndani ya mlima walipanda ngazi za ngozi wakiwa na mzigo wa mawe mgongoni, aliyetangulia akiwa amefunga mshumaa kwenye kidole gumba. Zamu hiyo ilifutwa mwaka 1812. Hesabu miaka hiyo kabla hujaniuliza tena kuhusu ujira. Waafrika nao walikuwepo, na hao walikuwa watumwa kabisa; baadhi walifanya kazi katika nyumba ya kugonga sarafu.

Walitumia zebaki kama sisi wachimbaji wadogo wa Geita?
Ndiyo, ikiletwa kutoka Huancavelica, Peru. Mawe yalisagwa yakawa unga, yakachanganywa na maji, chumvi na zebaki, na wenyeji wakayakanyaga kwa miguu. Zebaki ikishanasa fedha, donge lilichomwa, nayo ikapaa. Sasa nikuambie ambalo hukuuliza: kama unachoma donge lako kwenye kikaango nyumbani, acha leo. Mvuke ule huuoni, na watoto wako wanauvuta.

Fedha hiyo ilitufikia sisi?
Sarafu za Kihispania za reale nane zilizunguka hadi China na Bahari ya Hindi. Riale ya Oman, na riale waliyohesabia babu zetu Zanzibar, jina lake limetoka huko.

Mlima umekwisha?
Bado unachimbwa, sasa zaidi zinki, risasi na bati. Kilele kinatitia kwa wingi wa mashimo. UNESCO iliusajili mji mwaka 1987, na mwaka 2014 ikauweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Nikienda, niingie mgodini?
Anza na nyumba ya sarafu. Ukiingia mgodini, wapelekee wachimbaji majani ya koka na kinywaji, kama ilivyo desturi, na usimpige picha mtu aliyebeba mzigo bila kumwomba. Vumbi unalolivuta kwa muda wa saa mbili, yeye analivuta maisha yake yote, nalo ndilo linalomwua mapafu.