Mwenyekiti ameshapiga muhuri, hicho nacho si kibali?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Mbeya, nina kiwanja Isyesye nilichonunua 2021, kimepimwa, tuliandikishana na muuzaji kwa mwenyekiti wa mtaa na muhuri ukapigwa. Mwezi uliopita nikaanza msingi. Ramani fundi alinichorea kwa penseli kwenye daftari la mwanangu, vyumba vitatu na fremu mbili za duka kwa mbele. Tulivyofika kozi ya nne nikakuta wameandika SIMAMISHA UJENZI kwa rangi nyekundu na karatasi ya wito. Kesho yake akaja kijana, kitambulisho hakuonyesha, anasema ana mtu ofisini nimpe laki moja na nusu kibali kije ndani ya siku mbili. Tofali za kuchoma ziko saiti, mvua za Novemba hazina subira na mimi nataka nipaue kabla. Nifanyaje?

Jibu: Marahaba mama, pole kwa kuanza na rangi nyekundu badala ya rangi ya ukuta. Kwanza yule kijana usimpe hata shilingi, kibali siku hizi kinaombwa mtandaoni kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI na hela inalipwa kwa kontrol namba yenye jina lako, sasa mtu anayetaka umshikishe mkononi pale kwenye mchanga hiyo risiti ataitoa wapi?

Sasa hapo kwa mwenyekiti ndipo wengi tunapojikwaa, tena na mimi nilijikwaa hapohapo. Muhuri wa mwenyekiti unasema mmeuziana mbele yake na anakutambua, basi. Ruhusa ya kujenga ni kitu kingine kabisa, Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007 inataka kibali cha mamlaka ya mipango kwenye eneo lililotangazwa kuwa la mipango, na kwa Isyesye mamlaka hiyo ni Halmashauri ya Jiji. Mimi niliwahi kuinua banda la uani na choo kwa kujiamini nikiwa na barua ya mtaa mfukoni, nikaja kuvunja ukuta wa choo kwa nyundo yangu mwenyewe kwa sababu ulikuwa umekaa juu ya njia ya mtaro, fundi wala hakuuliza na mimi wala sikuuliza.

Kwa hiyo simamisha kweli, usijenge usiku usiku kama jirani zako wanavyokushauri, kozi moja utakayoongeza baada ya ile karatasi ndiyo itakayokugharimu. Itikia wito, nenda na karatasi yenyewe na nyaraka za kiwanja, uliza faini kama ipo na uliza wanataka nini kwenye msingi uliokwishajengwa. Kuandikiwa simamisha siyo kuvunjiwa. Mara nyingi watataka kuja kupima kama nyumba imekaa ndani ya bikoni, yale mawe ya mipaka ya kiwanja, na kama umeacha nafasi pembeni na mbele, na hapa nakuomba kabla hawajaja nenda mwenyewe na chepe ukatafute zile bikoni zote nne, maana lori la mchanga likishamwaga mzigo juu ya bikoni fundi anapiga kamba kwa macho, na kwa macho ya fundi kiwanja cha jirani huwa kinapungua tu.

Jambo la pili ni jina. Umenunua kwa mtu, je hati au ofa (barua ya kumilikishwa kiwanja) bado inasoma jina la muuzaji? Kama ndivyo anza na uhamisho wa umiliki, au angalau waulize watu wa ardhi kama watapokea maombi kwa mkataba wa mauziano, ila usije ukaomba kibali kwa jina lako juu ya kiwanja kinachosoma la mwingine ukategemea hawataona. Kodi ya pango la ardhi nayo uilipe, muuzaji anaweza kuwa amekuachia deni la miaka.

Ramani ya daftarini ibaki kumbukumbu ya mtoto. Tafuta mchoraji akutolee michoro kamili, ionyeshe nyumba imekaaje kwenye kiwanja, vyumba, paa, choo na shimo lake, kisha iingizwe kwenye mfumo kwa PDF. Kujisajili utatumia namba yako ya NIDA. Ukija kutaka ghorofa hapo mbeleni itabidi na michoro ya nondo na zege iwe na mkono wa injinia aliyesajiliwa.

Halafu zile fremu mbili, mama yangu. Angalia hati inasema matumizi gani. Kama imeandikwa makazi tu, fremu za duka zinakupeleka kwenye maombi ya kubadilisha matumizi, hayo ni maombi mengine na yana foleni yake. Ushauri wangu, kama fremu hujazifikisha mbali, omba kibali cha nyumba kwanza na fremu uzifuatilie polepole. Utalia kidogo, najua zilikuwa za kulipia ada.

Na kwa nini wanakaza hivi? Mbeya yetu ni ya milima, Aprili 2024 mlima Kawetele uliporomoka pale Itezi ukafukia nyumba za watu. Afisa mipangomiji akikuuliza maji ya mvua yanapita wapi kwenye kiwanja chako usidhani anakutafutia sababu.

Swali: Kamwene! Niko Iringa, Kihesa, nyumba ipo tayari ya marehemu baba, nataka uzio tu wa tofali. Nao una kibali?

Jibu: Kamwene. Ndiyo, uzio nao una kibali, na watu wengi wanagombana na majirani kwa uzio kuliko kwa nyumba. Kama kuna mto au korongo la maji nyuma, pima kwanza, sheria ya mazingira ya 2004 inazungumzia mita 60 za kuacha bila kujenga kutoka ukingo wa mto. Na kwa kuwa ni nyumba ya marehemu, mirathi ikae sawa kabla, ndugu mmoja akiandika pingamizi utabaki na tofali zako.

Swali: Mimi niko Mbalizi, niende Jiji au wapi?

Jibu: Wengi wanapoteza nauli hapo, wanapanda daladala hadi mjini halafu wanarudishwa. Mbalizi iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, siyo Jiji. Na kama kiwanja kinatazama barabara kuu ya Zambia, hifadhi yake, yaani eneo la barabara usiloruhusiwa kujenga, ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, chukua futi kamba ukapime leo kabla hujaagiza hata lori moja la mawe.