Hela ya palizi iliyobaki Sun City: jibu kwa dada wa Nachingwea

Wiki iliyopita dada mmoja wa Nachingwea aliniandikia. Hela yake ya korosho imeingia, anataka kwenda na mumewe Sun City, Afrika Kusini, na picha zangu za kule ameziona. "Nipe mwongozo dadaangu, nisije nikaaibika." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Picha alizoziona ni za mchana. Ya saa tisa usiku, nimekaa mbele ya mashine ya kamari macho mekundu, hakuna aliyeipiga, namshukuru Mungu.

Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua hauko peke yako. Minada ikienda vizuri, Kusini nzima inatamani safari, na hakuna ubaya. Tumechoka kusikia kwamba mkulima wa korosho akishika hela anaongeza mke. Mimi ni mwanamke, nina ekari sita za urithi Nanyamba na kibanda cha vitenge hapa Mtwara mjini, na nimelala kwenye ile hoteli yao kubwa inayoitwa Palace, yenye minara na tembo wa sanamu. Mtu aseme asemavyo, hilo halifutiki.

Kwanza jua unakokwenda. Ukisikia Sun City usidhani ni mji wenye soko na stendi. Ni eneo la starehe lenye hoteli, viwanja vya gofu na kasino, limezungushiwa geti. Enzi za ubaguzi wa rangi, kamari ya kasino ilikatazwa Afrika Kusini. Lakini mwaka 1977 utawala ule uliitangaza Bophuthatswana, eneo ulilowatengea Waafrika weusi, kuwa nchi huru yenye sheria zake, uhuru ambao dunia haikuutambua, na humo ndimo mfanyabiashara wa hoteli Sol Kerzner alimojenga Sun City, ikafunguliwa 1979. Wazungu wa Johannesburg wakawa wanaendesha magari "kuvuka mpaka" kwenda kufanya walichojikataza kwao. Nilipomsimulia mama mdogo, alisema, "Kumbe hata wenyewe walijua ni haramu." Sikuwa na jibu, na tiketi nilishakata.

Mambo ya safari ni mepesi. Mtanzania hahitaji viza kwa siku zisizozidi 90. Beba pasipoti, tiketi ya kurudi na kadi ya homa ya manjano. Ila usipange basi la leo na ndege ya kesho alfajiri. Barabara yetu ya kwenda Dar unaijua, Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata na watu wakakwama njiani. Sisi tulitangulia siku mbili, tukafikia kwa shemeji Mbagala. Ndege sina la kusimulia, nililala. Kutoka uwanja wa Johannesburg hadi Sun City ni kama saa mbili na nusu kwa gari, jipigie kama unakwenda Masasi. Agiza gari kabla hujatoka nyumbani, na ufike mchana.

Sweta. Tulienda mwisho wa Mei kwa sababu tuliambiwa Desemba kunajaa. Ni kweli, Desemba ni likizo ya shule kwao. Lakini Mei ndiyo baridi yao inaingia, na mimi nilibeba madera matano na mtandio. Alfajiri tukapandishwa gari la wazi kwenda kuona wanyama Pilanesberg, hifadhi iliyo jirani kabisa. Baba watoto alinifunga taulo la hoteli kichwani. Faru tulimwona, lakini ninachokumbuka ni meno yangu yanavyogongana.

Halafu kuna bahari yao. Wameweka bwawa kubwa, mashine inasukuma maji, mawimbi yanakuja, pembeni wamemwaga mchanga na kupanda mitende. Watu wa bara wanapiga kelele za furaha. Mimi mzaliwa wa Mikindani, ambaye nikitaka mchanga mweupe napanda kivuko naenda Msangamkuu, nimepanda ndege kwenda kutazama bahari ya mota! Niliingiza mguu mmoja, maji baridi, nikautoa.

Sasa tuje kwenye kasino, maana najua ndiko moyo wako uliko ingawa hukuandika. Zile mashine ni ndugu wa dubwi za vijana wetu wa mtaani, wanazotumbukiza sarafu za mia mbili. Tofauti ni kapeti na kiyoyozi. Usiku wa kwanza niliweka randi 200, nikatoka na 1,800. Wallahi nilijiona nina akili kuliko wote mle ndani. Nikampigia wifi yangu simu saa sita usiku kumtambia, na hilo ndilo kosa ninalolijutia kuliko hela.

Usiku wa pili nilirudi na ile 1,800, ikaisha kabla ya saa nne. Nikasema mashine imeshakula, sasa lazima iteme. Uongo. Mzunguko mmoja haukumbuki mwingine, hakuna mashine iliyo "karibu kutoa". Nikahamia ruleti kwa hasira. Pale angalau hesabu iko wazi. Gurudumu lina namba 37, kuanzia sifuri hadi 36, na ukipatia namba yako unalipwa 35 kwa moja, wakati haki ingekuwa 36. Hiyo tofauti ndogo ndiyo inayolipia kapeti. Hesabu hiyo nilielezwa na baba watoto wakati wa kifungua kinywa, baada ya randi 4,500 kwenda, zaidi ya laki sita za kwetu. Na ndani yake ilikuwamo hela ya palizi. Sikuiba, ilikuwa kwenye kadi ileile, nami nikajiambia nitairudisha asubuhi.

Tuliporudi majani yalikuwa kiunoni na vibarua wa Nanyamba nilishawaahidi. Nikakopa kikoba. Wifi, aliyekuwa ameshatangaza ushindi wangu kwa ukoo mzima, akatangaza na hilo: "Kaenda kulisha mashine za Makaburu." Kwenye maulidi, kwenye msiba, popote. Mpaka leo nikiingia mahali wakacheka, nahisi ni mimi.

Kwa hiyo dadaangu, sikiliza. Hela ya kuchezea itoe taslimu, ihesabu mbele ya mumeo, iweke kwenye bahasha. Kadi abaki nayo yeye chumbani. Ikiisha bahasha, kalale. Na kabla ya kuondoka, vibarua walipwe, ada ilipwe, kikoba kilipwe. Sisi watu wa korosho tunapata hela msimu mmoja, kisha tunaishi nayo mwaka mzima kama watu wasioamini kesho ipo. Unakuta mtu ana simu mbili na shamba lake pori. Nasema nikijua ninachosema, na nitasema tena: bahasha.

Jingine, funga mlango wa kibarazani. Nyani wa kule hawana hofu. Nilibeba kilo mbili za korosho za kukaanga niwape wahudumu kama zawadi kutoka Mtwara. Mmoja akaingia mchana kweupe, akaibeba pakiti, akakaa kwenye ukuta anatafuna huku ananitazama. Wahudumu waliambulia punje za chini ya meza.

Ukifika nitumie picha za ile bahari yao. Wifi nisingependa azione, lakini najua atazipata tu.