Play-by-play na color: mpira ukiwa hai, mmoja anyamaze

Ukifuatilia michezo ya Marekani utayasikia maneno haya mawili kila mara watangazaji wanapotambulishwa: fulani yuko kwenye play-by-play, fulani anafanya color. Nimewahi kuona hilo la pili likiandikwa kwa Kiswahili "mtangazaji wa rangi", na wasomaji wakadhani ni habari ya rangi ya ngozi. Siyo. Huyo ni mtu wa kunogesha. Anakueleza kwa nini beki ameachwa, kocha anatafuta nini na mchezaji katokea wapi. Mwenzake wa play-by-play ndiye anayekueleza mpira uko wapi, uko kwa nani, na kimetokea nini.

Nimekaa nyuma ya kipaza sauti cha redio ya mkoani kwa muda wa kutosha, kwenye viti vyote viwili, na vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii huniuliza sana kuhusu mgawanyo huu. Wengi wameyaokota maneno kwenye video za Marekani, kisha wanataka kuyaleta kwenye mechi zetu yakiwa kama yalivyo. Hapo ndipo ninapowasimamisha kidogo.

Kwanza matumizi yenyewe, maana Waingereza hawasemi hivyo. Kwao anayetangaza ni commentator, na anayekaa naye, mara nyingi mchezaji wa zamani, ni co-commentator. Kwenye redio utasikia pia summariser. Anayebaki studio kujadili wakati wa mapumziko ni pundit. Kwa hiyo ukiandika wasifu wako kwa Kiingereza ukipeleka kituo cha Uingereza, andika commentator. Ukipeleka Marekani, andika play-by-play announcer au color analyst. Wakanada wana mgawanyo uleule wa Wamarekani, ila wao huandika colour. Nalo neno play-by-play limeshatoka uwanjani likaingia mtaani: Mmarekani akitaka play-by-play ya kikao cha jana, anataka umsimulie hatua kwa hatua, nani kasema nini na nani kajibu nini.

Kuna neno jingine la kuangalia, call. "To call a game" ni kutangaza mechi. Lakini uamuzi wa refa nao ni call. Kwa hiyo mtu akisifu "a great call", soma sentensi mpaka mwisho ndipo ujue anayesifiwa ni mtangazaji au mwenye filimbi. Nimeona habari nzima ikipinduka kwenye tafsiri kwa sababu ya neno hili fupi.

Sasa turudi kwenye mgawanyo. "Play" ya Wamarekani ni tukio moja lenye mwanzo na mwisho. Kwenye mpira wao, ule wa kuvaa helmeti, mpira unaanzishwa, mtu anakimbia nao au anarusha, anaangushwa, filimbi inalia. Halafu wote wanajipanga upya. Matangazo ya mechi moja hupita saa 3, lakini ukijumlisha muda ambao mpira wenyewe uko kwenye mchezo, unapata kama dakika 11 hivi. Muda mwingine wote ni wa kujipanga, marudio ya picha na matangazo ya biashara. Ndani ya nafasi hiyo mtu wa color amepata makazi ya kudumu. Kituo cha televisheni cha ABC kilipoanzisha matangazo ya mechi za Jumatatu usiku mwaka 1970, waliweka watu watatu: Keith Jackson wa play-by-play, na pembeni yake Don Meredith, aliyekuwa amechezea timu ya Dallas Cowboys, pamoja na Howard Cosell, mwanasheria kwa taaluma. Watatu wakaenea, kwa sababu mchezo wenyewe unawapa nafasi. John Madden, kocha aliyeacha ukocha akaingia kwenye utangazaji, alikuwa anachora juu ya picha ya marudio kuonyesha nani kamziba nani. Ili mtu achore, mchezo lazima uwe umesimama.

Soka haliwapi watangazaji nafasi hiyo. Mpira unaweza kuzunguka dakika mbili tatu bila kutoka, na katikati ya hadithi yako tamu kuhusu utoto wa winga, krosi imeshapigwa na watu wanashangilia. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kwa anayekaa kiti cha pili ni huu: usizungumze mpira ukiwa hai karibu na lango. Subiri mpira wa kurusha, goli kiki, majeruhi, au refa akienda kuangalia VAR. Hiyo ndiyo saa yako. Sema jambo moja, lile ambalo msikilizaji hakuliona, kisha umrudishie mwenzako. Sentensi mbili zinatosha. Ukihitaji tano, weka hadi mapumziko.

Kwenye redio ndiyo kabisa. BBC walipotangaza raga moja kwa moja kwa mara ya kwanza, Januari 1927 kwenye uwanja wa Twickenham, mtangazaji Teddy Wakelam aliwekewa mtu asiyeona akae karibu naye, ili amsimulie yeye kila kinachotokea. Wiki moja baadaye walitangaza soka, Arsenal na Sheffield United, uwanja wa Highbury. Wasikilizaji walikuwa wamechapishiwa gazetini mchoro wa uwanja uliogawanywa miraba yenye namba, na sauti ya pili ilikuwa inataja tu namba ya mraba ambao mpira upo. Hebu tafakari: sauti ya pili haikuletwa kunogesha chochote, ililetwa kumsaidia msikilizaji ajue mpira uko wapi. Nalipenda sana jambo hili, na kila ninayemfundisha humwambia ajiulize kama yule aliyekaa karibu na Wakelam angeelewa alichokisema sasa hivi.

Sisi nasi tuna desturi yetu. Waliokua wakisikiliza Leonard Mambo Mbotela wa Kenya au Charles Hilary wa Tanzania wanajua kwamba sauti moja inayoufuata mpira vizuri inaweza kubeba mechi nzima. Na kwenye redio zetu watangazaji wawili mara nyingi hupokezana: huyu anatangaza kwa muda, anampa mwenzake. Hao wote wawili ni play-by-play, hakuna color hapo. Msione ni upungufu. Kama huna mchambuzi anayeujua mchezo kwa ndani, ni afadhali kupokezana kuliko kumweka mtu wa kujaza hewa kwa maneno.

Na kunyamaza pia ni kazi. Mtangazaji Vin Scully alitangaza mechi za Dodgers, timu ya besiboli ya Marekani, tangu 1950 hadi 2016, na mara nyingi alikuwa peke yake, anafuata mpira na kunogesha yeye mwenyewe. Katika fainali za besiboli za 1988, Kirk Gibson, akiwa majeruhi miguu yote miwili, alipopiga pigo la ushindi, Scully alitangaza mpira ulivyokwenda, kisha akaacha kelele za uwanja zitawale kwa zaidi ya dakika moja. Hiyo ilikuwa televisheni, picha inajieleza. Redioni huwezi kukaa kimya dakika nzima, lakini sekunde chache baada ya goli unaweza, na unapaswa. Kisha taja mfungaji, taja matokeo, ndipo mchambuzi aingie.

Njia ya kujifunza haina gharama. Tafuteni mechi, zimeni sauti ya televisheni, mmoja atangaze na mwingine anogeshe, mjirekodi kwa simu kipindi kimoja. Kesho yake sikilizeni bila picha. Andikeni kila mahali mliposahau kutaja matokeo kwa muda mrefu, na kila mahali ambapo hamjui mpira ulikuwa upande gani. Mkikuta sauti mbili zinagongana wakati mpira uko ndani ya boksi, anzeni kurekebisha hapo kabla ya kitu kingine chochote.