Mwaka wangu wa muziki uliamuliwa na memori kadi za watu (Arua)

Mkuu uliyefungua uzi, umetaka kila mtu aeleze alisikiliza nini mwaka huu, na wadau kadhaa wameshabandika ile ripoti ya programu ya simu: msanii wa kwanza, wa pili, dakika ngapi. Yangu nikiiweka hapa mtacheka. Inadai mimi ni shabiki mkubwa wa mwimbaji mmoja wa injili ambaye hata sura yake siijui. Sababu ni mama watoto. Akiingia jikoni, simu yangu anaingia nayo.

Mimi nina kibanda hapa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, karibu na steji ya magari. Natengeneza simu, nauza chaja na kava, lakini kinachoweka chakula mezani ni kutia nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Jamaa zangu wa Kampala wanadhani biashara hii ilishakufa. Haijafa. Mwaka 2018 serikali ilipoleta kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, watu huku walijifunza kubana bando. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe, na kubana kukaendelea vilevile. Mtu wa boda akijaza kadi leo, mwezi mzima anajipigia muziki bila kununua data. (Habari ya haki za wasanii naijua, msinianze. Anayetaka tuijadili afungue uzi wake, nitakuja.)

Sasa kwa kazi hii, nyimbo unazisikia vipande vipande. Mteja anapiga mluzi, unafungua faili, "siyo huu", unafungua lingine, "siyo, ule wa gitaa linalolia mwanzoni". Mpaka jioni umeshasikia mwanzo wa nyimbo za nchi tano na hujamaliza hata mmoja.

Madereva wa malori wanaopanda kwenda Oraba na Sudan Kusini wanataka zilipendwa. Mbaraka Mwinshehe hakosi. Simba Wanyika hawakosi, wale ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, waliotoka Tanga wakahamia Kenya 1971. Wanaoelekea Vurra na kuvuka Kongo wanataka rumba tu, na huku kwetu Kilingala hakihitaji mkalimani. Kuna mzee muuza vitenge, mteja wangu wa siku nyingi, alikaa kwenye benchi langu siku moja ya mvua akinitajia miaka: 1987 Franco, yule nguli wa rumba wa Kongo, alitoa wimbo mrefu wa kuonya watu kuhusu ukimwi. Miaka miwili baadaye mwimbaji Philly Lutaaya akasimama hadharani hapa Uganda akasema, mimi ninao. Wote wawili wakafa mwaka uleule wa 1989, Franco Oktoba, Lutaaya Desemba. Habari zote hizo nilikuwa nazijua, ila kuziweka pamoja sikuwahi. Tangu siku hiyo akinunua Franco namtilia na Lutaaya, bure.

Na Lutaaya kwa kweli ndiye anayenifungia mwaka. Novemba ikiisha, albamu yake ya Krismasi inaombwa na kila mtu, mpaka vijana Waislamu wa mtaa wa pili. Mtu ana zaidi ya miaka thelathini kaburini na bado hakuna aliyemng'oa kwenye Desemba ya Waganda. Wasanii wa leo wanatoa nyimbo za Krismasi kila mwaka; Januari hata wenyewe wamezisahau.

Kuna mdau hapo juu kaandika kwamba Mganda haimbi Kiswahili. Ndugu, karibu kibandani. Jose Chameleone, Mganda mwenzetu, alianzia Nairobi, na Kiswahili alichorudi nacho ndicho kimemuuza Afrika Mashariki nzima. Kabla yake alikuwepo Sammy Kasule, Mganda aliyepiga Nairobi miaka hiyo mpaka wengi wakamdhania Mkenya. Katiba yetu ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili 2005. Ofisini nenda ukikisake kwa tochi, lakini kwenye spika za boda kipo asubuhi mpaka usiku.

Kilichonigusa zaidi mwaka huu lakini hakina msanii. Baada ya Idi alikuja Hajati mmoja, Mnubi wa hapahapa mjini, kadi kaifunga kwenye ncha ya mtandio. "Mwanangu, hii imekufa. Nitolee dholuka yangu." Dholuka ni ngoma ya akina mama wa Kinubi, harusini haikosi. Kadi ilikuwa na kutu kidogo tu kwenye vile vipande vya shaba. Nikaisugua kwa kifutio cha penseli, ikafunguka. Ndani kuna rekodi iliyochukuliwa kwa simu, ndefu, vigelegele vimefunika kila kitu, ngoma inapasua sauti, na katikati kuna mtoto analia hajali harusi ya mtu. Nami nilikuwa na dholuka nyingine, safi, ya kundi lililorekodiwa jukwaani, kila sauti mahali pake. Nikamwekea hiyo.

Akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Hawa wanaimba vizuri, Mungu awabariki. Sasa nirudishie yangu." Akachukua simu, akatafuta kwa kidole mpaka akafika anapopataka, akanisogezea sikioni. "Umemsikia huyo anayepandisha juu? Dada yangu. Yuko Kibera, aliolewa huko." Nilisikia vigelegele na mtoto. Akarudisha nyuma, nikasikiliza tena, na mara ya tatu kweli ikatoka sauti nyembamba ya mwanamke, inawapita wenzake kwa nusu sekunde kila mstari. Akalipa, akaniambia niweke nakala kwangu kadi isije ikafa tena. Ninayo. Naweza kusema ndiyo rekodi niliyoisikiliza kwa ukamilifu kuliko zote mwaka huu, na ripoti ya simu haiijui.

Baada ya Hajati nikaanza kuwaangalia wateja wengine kwa jicho hilo. Kuna kijana wa boda hataki wimbo wake ukiwa msafi. Anataka ule uliorekodiwa redioni, mtangazaji anaingilia katikati na kusalimu steji yao. Nimewahi kumpa ule wa studio, akaufuta mbele yangu. Dereva mmoja wa Mombasa ana nyimbo zilizonakiliwa kutoka kaseti za baba yake, zinakwaruza mwanzo mwisho, na kwenye moja kaseti inavutwa sauti inazama. Nilipomtafutia nakala nzuri alisema hapo pasipozama yeye hapatambui.

Niliyojichagulia mwenyewe ni machache. Usiku nikifunga kibanda nilikuwa na Geoffrey Oryema, Mwacholi aliyekimbia nchi 1977 baada ya baba yake, waziri, kuuawa na utawala wa Idi Amin pamoja na Askofu Mkuu Luwum. Albamu yake ya 1990 ilisimamiwa na Brian Eno, mtayarishaji wa Kiingereza, lakini ukiisikiliza unasikia zaidi nyuzi za kwao na lukeme, ile ala ya kupiga kwa vidole gumba, Mzungu kakaa pembeni kwa heshima. Mchana kukiwa na joto la kusinzia nilimweka Otim Alpha, larakaraka, ngoma ya harusi ya Waacholi, iliyoharakishwa kwa kompyuta. Harusi iliyokuwa inahitaji kundi zima la wapigaji sasa inachezeka kwa kibodi na spika mbili. Wazee wa Gulu wakilalamika nawaelewa, ila miguu yangu haiko upande wao.

Na adungu, ile ala ya nyuzi ya huku kwetu. Kwaya za huku karibu zote zinapiga adungu, ndogo mpaka ile kubwa ya besi yenye tumbo la mbao lililovikwa ngozi, na wengi wanajirekodi kwa simu chini ya mwembe kisha wanakuja kwangu kusambaza. Mdau uliyesema hapo juu kwamba adungu "haina besi", tatizo ni kifaa chako. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti za chini, kwa hiyo ile kubwa inapotea yote na unabaki na zile ndogo zinazochekacheka. Chomeka kwenye bufa, hata lile la bei ndogo, halafu uje tuongee.

Nina ombi kwa watu wa wilaya za Moyo na Adjumani. Muziki wa Wamadi, ule wa ala ya nyuzi yenye bakuli, UNESCO iliuweka 2016 kwenye orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa haraka, na mwaka huu mteja wangu mmoja Mmadi alikuja kuutafuta mara kadhaa akaondoka mikono mitupu. Nilichonacho ni vipande vya matamasha tu, hotuba ndefu kuliko muziki. Mwenye rekodi ya mzee akipiga nyumbani kwake, hata ikiwa na kuku na watoto ndani, anitumie kwa njia ya jukwaa. Nitamlipia bando la kuitumia.