Nimepata kazi ya uprofesa Iowa, mikorosho nimwachie nani?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi ni mtafiti wa magonjwa ya mimea, naishi Naliendele hapa Mtwara, miaka yote nimehangaika na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Sasa chuo kikuu kimoja cha jimbo huko Iowa, Marekani, wamenipa ofa ya uprofesa msaidizi, dola 88,000 kwa mwaka, kwenye magonjwa ya mahindi na soya. Wanataka jibu ndani ya wiki mbili. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, watoto wawili, mmoja miaka 7 mwingine miaka 2, mama yangu yupo Newala peke yake. Ndugu wote wanasema saini haraka kabla hawajaghairi. Mimi mwanao usingizi sipati. Nifanyeje?
Mama Zuhra, Naliendele

JIBU: Marahaba mpwa wangu, na hongera sana, umeitolea jasho.

Kwanza hao ndugu wasikutie presha. Ofa ikishatoka na wewe hujasaini, hicho ndio kipindi pekee una sauti, ukisaini tu imekwisha. Mimi nilifundisha huko miaka tisa, chuo cha jimbo pia, mkuu wa kitivo akanishika mkono akaniahidi maabara yangu na hela ya mwanafunzi mmoja wa PhD, nikafurahi nikasaini, baada ya miezi minane yeye kahamia chuo kingine na aliyekuja akaniuliza swali moja tu, karatasi iko wapi? Miaka miwili nimefanya kazi kwenye kona ya maabara ya mtu, friji tunagawana, sampuli zangu rafu ya chini kabisa kule kwenye maji. Kwaiyo chochote wanachokuahidi kwenye simu waambie kwa upole, naomba kiwemo kwenye barua. Hawachukii, wenyewe kwa wenyewe ndio wanavyofanya.

Sasa hizo dola 88,000 waulize ni za miezi mingapi. Huko maprofesa wengi wanaajiriwa kwa miezi tisa, katikati ya Agosti mpaka katikati ya Mei, ile miezi mitatu ya kiangazi hulipwi mpaka ulete hela ya utafiti mwenyewe. Ndugu zako wataona hasara, mimi naona hapo ndipo kazi yako ilipo. Hebu fikiria, Juni na Julai mikorosho yetu inafanya nini? Inachipua na kutoa maua, asubuhi umande na kaubaridi, ule unga mweupe unaanza kupanda kwenye maua, na wakulima alfajiri wapo shambani na mashine mgongoni wanapuliza salfa kabla upepo haujaamka. Yani miezi ambayo Iowa hawakudai ndio hiyo hiyo miezi ya ubwiriunga! Omba waandike kwamba utafiti wako wa mikorosho utahesabika kama wa mahindi, na kwamba sehemu ya fedha za kuanzia kazi unaweza kuzitumia Mtwara.

Hili la kuhesabika usilichukulie kirahisi. Ajira ya kudumu huko huanzi nayo. Kwa kawaida wanakuangalia miaka mitano hivi, mwaka wa sita faili lako linasomwa na wenzako na maprofesa wa vyuo vingine, wakikataa unapewa mwaka mmoja wa kufunga virago. Uliza pia asilimia ngapi ni kufundisha, ngapi utafiti na ngapi ugani, maana vyuo vya kilimo vya majimbo vilizaliwa na sheria ya Morrill ya 1862, iliyowapa majimbo ardhi ya kuanzishia vyuo, Iowa likiwa jimbo la kwanza kuikubali, na kwenda kwa mkulima kwao ni sehemu ya ajira. Wewe uliyekaa chini ya mkorosho na wakina mama wa Tandahimba ukawasikiliza, hapo una kitu cha kuwapa. Halafu mishahara ya watumishi wa umma wa Iowa ipo wazi mtandaoni, wa vyuo hivyo wamo, ingia uone wenzio wa idara wanapata ngapi kabla hujakubali hiyo 88.

Viza. Watakuombea H-1B, viza ya kazi ya wataalamu, chuo kikuu hakiingii kwenye ile bahati nasibu ya kuzigawa, ila Septemba 2025 rais wao alisaini agizo la ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya watu walioko nje ya Marekani. Hiyo anabeba mwajiri sio wewe, muulize mkuu wa idara bila kuzunguka kama chuo kimekubali kubeba, na jibu ulipate kwa maandishi.

Pagumu ni kwa mumeo. Viza ya mwenza wa H-1B ni H-4, kusoma anaruhusiwa, kufanya kazi hapana, mpaka maombi yako ya green card, kibali cha kuishi huko kudumu, yafike mbali. Mtu aliyezoea kuitwa Mwalimu mtaa mzima, Januari yupo ndani na mtoto wa miaka miwili, nje theluji, dukani hafiki bila gari, na gari unalo wewe kazini. Nimeona ndoa za wenzetu zikichoka hivyo hivyo kimya kimya. Kaa naye wewe na yeye tu bila ndugu, umwambie ukweli huu wote, na chuo uwaombe waanze green card mwaka wa kwanza. Mkubwa atasoma shule ya serikali bure, huyu mdogo kulelewa kituoni kunaweza kupita dola 1,000 kwa mwezi, kwaiyo baba akikaa naye mwanzoni sio kwamba hachangii, na umwambie hivyo.

Mama wa Newala, ile miezi mitatu ni yake pia.

Waandikie wiki hii uombe wiki mbili nyingine. Barua mpya ikija nitumie nilipo hapa Lindi, tuisome mstari kwa mstari.