Makofi na vigelegele kwenye miksi ya 5.1

Kaka, umeuliza vigelegele vya taarabu mliyorekodi Tanga vikae wapi kwenye 5.1 (spika tatu mbele, mbili nyuma, na .1 ni chaneli ya besi nzito). Viweke spika za nyuma, mwimbaji abaki spika za mbele. Tatizo lako hasa ni mwangwi: maiki za ukumbini zikiwa mita 20 kutoka jukwaani, sauti inazifikia imechelewa kama milisekunde 58. Sogeza traki za maiki hizo zisikike mapema zaidi, lakini usizilinganishe kabisa na za jukwaani. Mimi huacha zichelewe milisekunde 15 hivi, ukumbi usife. Mama akija kutunza, pandisha vigelegele. Mwimbaji akiingia ubeti, shusha. (Usivikate, taarabu bila vigelegele ni msiba!) Besi gitaa isitegemee chaneli ya .1 peke yake: miksi ikibanwa kuwa stereo, chaneli hiyo mara nyingi hutupwa.