Kujua nani ana namba na nani mbadala kwenye timu ya chuo, futiboli ya Kimarekani

Mkuu, umeuliza utajuaje kikosi cha kwanza cha timu ya chuo anachosoma mwanao huku Marekani kabla msimu haujaanza, na nani yuko nyuma ya nani, maana kila tovuti inaandika lake. Naishi Columbus, Ohio, na nawafuatilia Buckeyes wa Ohio State kila msimu, kwa hiyo mifano yangu inatoka kwao.

Anza na walioondoka. Drafti ya NFL ya Aprili 2025, yaani ligi ya kulipwa inapochagua wachezaji wa vyuo, ilichukua wachezaji 14 wa Ohio State kwa mpigo, na kila nafasi waliyoiacha ndiyo iliyokuwa na ushindani msimu uliofuata. Ukishawatoa hao, toa waliohama dirisha la Januari, kisha ingiza waliosajiliwa. Mchezaji aliyebakiza msimu mmoja tu hahami chuo ili akakae benchi. Will Howard alitoka Kansas State akiwa wa hivyo, akawa kwotabeki (mrusha mpira anayeongoza mashambulizi) wa Ohio State moja kwa moja msimu wa 2024, na Januari 2025 wakaifunga Notre Dame 34-23 na kubeba ubingwa wa taifa. Kijana ni habari nyingine. Julian Sayin alihamia kutoka Alabama mwanzoni mwa 2024, akakaa nyuma ya Howard msimu mzima, akapewa namba Agosti 2025.

Orodha rasmi ya timu isome kwa tahadhari, kwa sababu na mpinzani anaisoma. Ukikuta neno "au" kati ya majina mawili, jua namba bado inagombewa, au kocha hataki kuisema. Mimi naangalia zaidi msimu uliopita: mchezaji fulani alikuwa uwanjani mara ngapi mpira ulipoanzishwa, na je, ilikuwa mechi bado ngumu au matokeo yalishajulikana? Kuna beki wa tano ambaye orodha inaweza kumweka kama mbadala, ilhali timu nyingi siku hizi hucheza na mabeki watano wa nyuma karibu mechi nzima. Huyo mhesabu kama anaanza.

Sasa ukuta wa mbele, wale watano wanaomlinda kwotabeki. Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu wanadhani akiumia mtu, jina lililo chini yake ndilo linaingia. Makocha wanatafuta watano bora, halafu ndiyo wanawapangia nafasi. Oktoba 2024 Josh Simmons, mlinzi wa pembeni kushoto, aliumia goti kwenye mechi na Oregon. Mbadala wake, Zen Michalski, alianza mechi iliyofuata dhidi ya Nebraska, naye akaumia. Badala ya kushuka hadi jina la tatu, kocha alimtoa Donovan Jackson ndani kushoto akampeleka pembeni, na Carson Hinzman akaingia kwenye nafasi ya Jackson. Mwezi uliofuata senta Seth McLaughlin akaumia kano ya kisigino, na Hinzman huyohuyo akahamia katikati. Kwa hiyo kwenye jedwali ninalojitengenezea la kikosi, Hinzman alikuwa mbadala wa kwanza wa zaidi ya nafasi moja. Kwa ukuta wa mbele andika jina la sita na la saba, yaani wale watakaoingia awe ameumia nani. Hizo safu tano zenye majina mawili mawili zinapendeza kwenye karatasi tu.

Jambo jingine ni vijana wa mwaka wa kwanza. Tangu 2018 mchezaji anaruhusiwa kucheza hadi mechi nne bila msimu huo kuhesabiwa kwenye misimu yake minne. Kijana akicheza nne kisha akapotea, usikimbilie kumwandika majeruhi. Huenda wanamtunzia mwaka wake.

Usipuuze jina la tatu kwa kwotabeki. Agosti 2014 kwotabeki wa Ohio State, Braxton Miller, aliumia bega, J.T. Barrett akashika nafasi, naye akavunjika kifundo cha mguu kwenye mechi na Michigan. Aliyebaki ni Cardale Jones, namba tatu wa Agosti. Aliifunga Wisconsin 59-0, Alabama 42-35, kisha Oregon 42-20 kwenye fainali. Nilipoanza kutengeneza jedwali langu, kwotabeki nilimwekea mistari mitatu kwa ajili ya msimu ule.

Siku ya mechi, kama utakuwa uwanjani, wahi. Wakati wa kupasha misuli, watano wa mbele hujipanga kwenye nafasi zao, senta anampa kwotabeki mpira, wanarudia mara kadhaa, kisha wanapisha kundi la pili. Andika namba za jezi za makundi yote mawili, kushoto kwenda kulia. Hiyo ni orodha ambayo hakuna tovuti itakayokupa ikiwa sahihi hivyo.

Kama hutafika, tangu 2023 timu za Big Ten, ligi ya vyuo wanayocheza Ohio State, hutoa taarifa ya wasiokuwepo na wenye mashaka takriban saa mbili kabla ya mechi. SEC, ligi nyingine ya vyuo, ilianza 2024, na kwa mechi za ndani ya ligi yao taarifa ya kwanza hutoka Jumatano, inarekebishwa kila siku, ya mwisho ikitoka dakika 90 kabla ya mpira kuanza. Taja chuo cha mwanao hapa chini, nitakuonyesha nafasi tatu au nne za kuanza nazo.